UZI: Mtoto au kijana aliyepasuliwa kichwa baada ya ajali. Matatizo ya ubongo yanayofuata, huja siku ya ngapi na hushikwaje

#1 Fuvu_na_Ubongo

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni kwa manesi na madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa wanaorudishiwa wagonjwa baada ya upasuaji wa kichwa, na kwa ndugu wanaouguza. Tunaongelea watoto na vijana: waliopata ajali ya bodaboda, waliogongwa wakivuka barabara, walioanguka kutoka juu ya mwembe au ghorofani.

Damu iliyovia ikishatolewa na nyuzi zikishapigwa, watu hushusha pumzi wakaona kazi imekwisha. Kisu kimeondoa kilichokuwa kinaubana ubongo, basi. Ubongo wenyewe uliochubuka utaendelea kuvimba, chumvi ya damu itayumba, wadudu wanaweza kuingia, na kovu litabaki. Kila tatizo kati ya haya lina siku zake. Aliyebadilika saa 6 baada ya upasuaji na aliyebadilika siku ya 12 hawana shida moja, hata kama wote wawili wameandikiwa "amelegea" kwenye faili.

Nianze na saa 24 za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo damu huvia upya. Sababu zake zinajulikana: presha kupanda mgonjwa anapozinduka na kupigana na mpira wa kupumulia, damu isiyoganda kwa sababu amepoteza nyingi na mwili umepoa, au mshipa uliokuwa umejificha. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 10 ana mililita 800 tu, kwa hiyo akipoteza mililita 160 kwenye ngozi ya kichwa na mezani ameshapoteza sehemu moja ya tano. Namba ya juu ya presha isishuke chini ya 70 ukijumlisha umri mara mbili (wa miaka 6 ni 82). Kuanzia miaka 10 usikubali chini ya 90.

Kuna jambo moja husahaulika. Ukitoa damu upande wa kushoto, upande wa kulia uliokuwa umebanwa unaweza kuanza kuvuja, hasa kama fuvu la kulia nalo lina ufa. Mboni ya upande ambao HAUKUPASULIWA ikianza kutanuka, usiseme "ni mabaki ya ganzi". Mrudishe kwenye CT skani usiku huohuo.

Kuanzia siku ya 2 hadi ya 5 uvimbe ndio unafika kileleni. Aliyeamka vizuri siku ya kwanza akasinzia siku ya 3, fikiria uvimbe, chumvi ya damu, na degedege lisiloonekana kwa macho. Wataalamu wengine karibuni.

#2 NesiWaZamu

Asante Daktari. Naongeza ya kitandani.

Kipimo cha Glasgow (kipimo cha fahamu) kiandikwe kwa vipande, si jumla. "12" haimwambii anayepokea zamu kitu. Andika macho 3, sauti 4, mwendo 5. Kikishuka kwa pointi 2 kwa jumla, au pointi 1 kwenye mwendo, mwite daktari hapo hapo bila kusubiri kipimo kijacho. Baada ya upasuaji pima kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo, kisha kila nusu saa, akitulia ndipo kila saa.

Kwa mtoto asiyejua kusema, sauti hupimwa hivi: 5 anaguna na kucheka kama kawaida yake, 4 analialia na kukasirika, 3 analia akiumizwa tu, 2 anagumia akiumizwa, 1 kimya. Mama ndiye anayejua "kawaida yake". Muulize, usikisie.

Kupima mwendo kwa maumivu, bonyeza mfupa ulio juu ya jicho (kama haujavunjika) au bana msuli wa bega. Ukibana kucha ya mguu, mguu unaweza kujivuta kwa nguvu ya uti wa mgongo peke yake ukadhani ubongo umejibu.

Mboni: punguza mwanga wa chumba, lete tochi kutoka pembeni, jicho moja moja, andika kwa milimita. Jicho lenyewe likigongwa linaweza kutanuka mboni bila shida ya ubongo, na mofini huzibana zote mbili. Yote hayo yaandikwe mapema ili mwenzako asitishike au asipuuze.

Kitanda kiinuliwe nyuzi 30, pua ielekee dari. Kamba ya kufungia mpira wa kupumulia isizunguke shingo kwa kubana, na kola ya shingo isikaze, maana damu inayorudi kutoka kichwani ikizuiwa shinikizo linapanda. Watu hutafuta manitoli (dripu ya kushusha shinikizo la ubongo) wakati dawa ilikuwa kulegeza kamba.

Mtoto anayehangaika usimkimbilie na diazepamu. Angalia oksijeni kwanza, kisha presha, kisha sukari, kisha kibofu (mpira wa mkojo umeziba?), kisha maumivu. Ukimlaza kwa dawa umejifungia dirisha pekee la kuuona ubongo wake.

#3 Mlezi_Mbeya

Samahanini wakuu, mimi si wa fani. Naomba kuuliza, mtoto akipata degedege siku ya tatu baada ya kupasuliwa ndiyo kusema atakuwa na kifafa maisha yake yote? Na hiyo dawa anaendelea nayo hadi lini?

#4 Fuvu_na_Ubongo

Hapana ndugu yangu, si lazima. Tunagawa mara mbili. Degedege la ndani ya siku 7 linatokana na ubongo kuwa bado na hasira: uvimbe, damu, chumvi kushuka. Watoto wadogo hupata la namna hii kirahisi kuliko watu wazima. La baada ya siku 7 linatokana na kovu, na hilo ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kuitwa kifafa. La mapema linaongeza hatari ya la baadaye, lakini si hukumu.

Dawa ya kinga hutolewa siku 7 kwa jeraha kali. Utafiti wa Temkin na wenzake wa 1990, wagonjwa 404, ulionyesha fenitoini ikipunguza degedege la wiki ya kwanza kutoka asilimia 14.2 hadi 3.6. Baada ya hapo hakukuwa na tofauti ya maana na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo ambaye hajawahi kupata degedege hana sababu ya kumeza fenitoini miezi 6 "kwa usalama". Akipata la baada ya siku 7, hapo anaanzishiwa tiba kamili na kliniki ndiyo itakayoamua mwisho wake. Usikatishe mwenyewe nyumbani, na usipunguze kwa sababu "siku hizi hapati".

#5 Mfamasia_Kanda

Kwenye fenitoini watu wanakosea sana, ngoja niiweke wazi.

Dozi ya kupakia (dozi kubwa ya kwanza) ni mg 20 kwa kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji mg 400. Kichupa cha mililita 5 kina mg 250, kwa hiyo ni mililita 8. Changanya na normo salaini (dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9) hadi ifike mililita 80, ipite ndani ya dakika 30. Kasi isizidi mg 1 kwa kilo kwa dakika (mtu mzima mg 50 kwa dakika), moyo na presha vikiangaliwa. USICHANGANYE na dextrose (dripu ya sukari): inaganda chembe ndani ya mrija. Tumia mshipa mkubwa, maana ikivuja mkono huvimba na kugeuka zambarau. Kisha dozi ya kuendelea, mg 5 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara 2 au 3.

Anayelishwa kwa mpira, uji na maziwa huizuia fenitoini isifyonzwe. Simamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na saa 1 hadi 2 baada, suuza mpira kwa maji. Ndugu wakisema "dawa anapewa lakini bado anashtuka", anza kuuliza hapo. Kijana anayetumia ARV au binti anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango: fenitoini inazivunja nguvu dawa hizo, dolutegravir ikiwemo. Mpigie mfamasia kabla.

#6 Wodi_ya_Watoto

Ndiyo maana kwetu tunapendelea levetirasetamu ikipatikana. Kupakia mg 20 hadi 40 kwa kilo, kisha mg 10 hadi 20 kwa kilo mara mbili kwa siku. Haigombani na ARV, haihitaji kupimwa kiwango kwenye damu, haichagui maji ya kuchanganyia.

#7 Fuvu_na_Ubongo

Nakubali kwa sehemu, ila inawafanya watoto wengine wawe wakali, wanapiga na kulia bila sababu. Kwa aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo utashindwa kujua ukali ni wa jeraha au wa dawa. Na figo zikishindwa dozi lazima ipunguzwe. Kwa mwenye ARV sibishi, levetirasetamu ndiyo.

Degedege likiwa linaendelea na limepita dakika 5: diazepamu mg 0.5 kwa kilo kwenye njia ya haja kubwa, au mg 0.25 kwa kilo kwenye mshipa polepole. Wakati huohuo sukari ipimwe. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, dextrose asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Na damu ya kupima sodiamu (ile chumvi ya damu) itolewe dakika ileile, siyo kesho asubuhi.

#8 Wodi_ya_Watoto

Hiyo sodiamu inahitaji nafasi yake, kwa sababu inaua watoto ambao upasuaji wao ulifanikiwa kabisa.

Kwanza maji ya dripu. Dextrose asilimia 5 peke yake haifai kwa mgonjwa wa kichwa. Sukari ikishatumika mwilini yanabaki maji matupu, yanaingia kwenye seli za ubongo, uvimbe unaongezeka. Tumia normo salaini. Mtoto mdogo asiyekula aongezewe dextrose ndani ya hiyohiyo salaini, huku sukari ikipimwa.

Kawaida ya sodiamu ni 135 hadi 145 mmol/L. Ikishuka, usingizi unazidi, kichwa kinauma, anatapika, degedege. Inashuka kwa njia mbili zinazofanana kwenye karatasi ya maabara lakini tiba zake zinapingana:

Njia ya kwanza, mwili umeshikilia maji. Mkojo kidogo na mzito, mtoto hana dalili ya kukaukiwa, uzito umepanda kidogo. Hapa maji hupunguzwa.

Njia ya pili, figo zinamwaga chumvi na maji yanaifuata. Mkojo mwingi, uzito unashuka, mapigo yako juu, midomo mikavu, presha inalegea. Hapa unarudisha chumvi NA maji. Ukimnyima maji mtoto huyu, damu inayofika kwenye ubongo inapungua na unamuumiza mara ya pili.

Kipimo cha kuwatofautisha si mashine ya gharama. Ni mizani ileile, asubuhi ileile, kila siku, na karatasi ya mkojo ya kila saa. Asiye na mpira wa mkojo, pima nepi: gramu 1 ni mililita 1. Kama huna uhakika ni njia ipi, usimnyime maji.

Sodiamu ikiwa chini na ana degedege au anapoteza fahamu, salaini ya asilimia 3, mililita 3 hadi 5 kwa kilo ndani ya dakika 10 hadi 20. Dalili zikitulia punguza mwendo. Kwa iliyoshuka polepole isipandishwe zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24, maana ukiikimbiza unaharibu shina la ubongo.

Upande wa pili ni mkojo wa maji meupe usiokoma. Zaidi ya mililita 4 kwa kilo kwa saa, saa 2 mfululizo, na sodiamu imepita 145. Mwenye kilo 20 ni mililita 80 kwa saa. Hapo tezi iliyo chini ya ubongo haitoi homoni ya kuzuia mkojo. Hakikisha kwanza hajatoka kupewa manitoli, maana nayo inakojoza hivyo hivyo. Dawa ni desmopresini, lakini ipewe dozi moja, subiri mkojo uanze tena ndipo utoe nyingine. Kuna wagonjwa ambao baada ya siku kadhaa hugeuka ghafla wakaanza kushikilia maji, kisha wakarudi tena kukojoa. Anayepewa desmopresini kwa ratiba tu sodiamu itaporomoka.

#9 Mfamasia_Kanda

Nimalizie ya manitoli kwa kuwa imetajwa. Ya asilimia 20 ina gramu 20 kwenye mililita 100. Dozi ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo. Kwa kilo 20, nusu gramu kwa kilo ni gramu 10, yaani mililita 50, ndani ya dakika 15 hadi 20. Chupa ikiwa na chembe usiitundike: iloweke kwenye maji ya moto hadi ziyeyuke, ipoe hadi joto la mwili, na tumia mrija wenye chujio. Ambaye presha yake imeshuka asipewe, na asiye na mpira wa mkojo awekewe kwanza.

#10 Mdau_Tanga

Naomba ufafanuzi, deksamethasoni je? Kuna mahali bado wanaiandika kwa kila aliyeumia kichwa "kupunguza uvimbe".

#11 Fuvu_na_Ubongo

Isitumike kwa uvimbe wa jeraha. Utafiti wa CRASH uliotoka 2004, wagonjwa 10,008, ulijaribu dawa ya kundi hilo (methilipredinisoloni). Ndani ya wiki 2 walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa, dhidi ya 17.9 ya ambao hawakupewa. Deksamethasoni inasaidia uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo, na hapo ndipo watu walipoikopa.

Na kwa wanaodhani bila kipimo cha shinikizo ndani ya fuvu hakuna la kufanya: utafiti wa Bolivia na Ecuador uliochapishwa 2012, wagonjwa 324 wa miaka 13 na zaidi, ulilinganisha kutibu kwa kipimo hicho na kutibu kwa kumkagua mgonjwa na kurudia CT kwa mpangilio. Matokeo hayakutofautiana. Tusivunjike moyo, lakini neno kubwa pale lilikuwa "kwa mpangilio".

#12 NesiWaZamu

Daktari, tuzungumzie homa ya siku ya 6 na 7. Wodini inatibiwa malaria tu.

#13 Fuvu_na_Ubongo

Malaria ipimwe, ndiyo, tuko ukanda wake. Kipimo kikitoka hasi usiendelee na dawa ya malaria kwa mazoea. Kuna mambo mawili ya kuyatafuta.

La kwanza ni wadudu ndani ya fuvu: homa ya uti wa mgongo, usaha chini ya dura (utando mgumu unaofunika ubongo), jipu la ubongo. Tazama kidonda, kibonyeze pembeni, tazama mto. Maji yanayotoka puani au sikioni yakidondoka kwenye shuka na kuacha doa la damu katikati lenye duara jepesi kuzunguka, ni maji ya ubongo hadi ithibitike vingine. Asipenge kamasi, asizibwe pua kwa pamba, na mpira wa chakula upite mdomoni, si puani, kama chini ya fuvu pana ufa. Kuchoma mgongo kutafuta maji kufanyike baada ya CT kuonyesha hakuna kinachosukuma ubongo. Na dawa: seftriaksoni peke yake haitoshi kwa wadudu wa baada ya upasuaji. Hospitalini kuna stafilokoka na wadudu sugu, ndiyo maana hutumika vankomisini pamoja na meropenemu au seftazidimu, majibu ya maabara yakisubiriwa.

La pili halijulikani sana. Kijana aliyeumia vibaya, mara anatokwa jasho jingi, mapigo 140, anahema, presha juu, joto juu, mgongo unajikunja na mikono inanyooka. Dakika 20, au saa, kisha anatulia. Linaanza akigeuzwa, akivutwa makohozi au akisafishwa. Damu yake haionyeshi wadudu. Hizi ni neva za kuendesha moyo na jasho zimekosa breki kutoka juu. Haziponi kwa antibayotiki. Punguza vichochezi, tibu maumivu (mofini hukata mashambulizi), kisha propranololi, au gabapentini. Mwenye pumu asipewe propranololi. Usiyaite degedege: dawa ya kifafa haitayagusa na utaipandisha dozi bure. Ukiwa na shaka, omba kipimo cha umeme wa ubongo.

#14 Mdau_Tanga

Nyongeza ya swali. Kuna wanaorudi nyumbani upande mmoja wa kichwa hauna mfupa. Inakuwaje?

#15 Fuvu_na_Ubongo

Uvimbe ukiwa mkali kipande cha fuvu huondolewa ili ubongo upate pa kutanukia. Utafiti wa RESCUEicp wa 2016, wenye umri wa miaka 10 hadi 65, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 vifo vilikuwa asilimia 26.9 kwa waliofanyiwa na 48.9 kwa waliotibiwa kwa dawa. Lakini waliobaki hai bila kujitambua waliongezeka pia, 8.5 dhidi ya 2.1. Familia iambiwe yote mawili kabla ya kusaini.

Kipande huhifadhiwa kwenye jokofu la baridi kali, au chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe pale jokofu au umeme hauaminiki. Barua iseme kiko wapi. Asilale upande huo, kitandani pawe na karatasi kubwa "HANA MFUPA KULIA", na akianza kutembea avae kofia ngumu.

Kila siku gusa pale penye shimo akiwa amekaa. Kawaida ni laini na usawa au pamebonyea kidogo. Pakivimba na kuwa pagumu, ni uvimbe, usaha au maji ya ubongo kukusanyika. Maji haya hujitokeza kuanzia wiki ya 2 hadi miezi kadhaa: mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri anasimama pale pale, anasinzia, anaanza kujikojolea, miguu inakuwa mizito. Mtoto mchanga atajaa utosi, kichwa kitakua haraka, macho yataelekea chini. Hupata zaidi ambaye tundu limekaribia sana mstari wa katikati ya kichwa. Tiba ni shanti (mrija unaopandikizwa kutoa maji ya ubongo yaliyozidi), na wengine hupona kwa kurudishiwa mfupa tu.

Kinyume chake kinashangaza zaidi. Pakizama sana, mgonjwa anaumwa kichwa na kupooza kunazidi akikaa, anapata nafuu akilala. Hewa ya nje inausukuma ubongo. Akichomwa mgongo, au shanti ikitoa maji mengi, anaweza kupoteza fahamu kabisa. Hapo kila tulichosema juu kinageuzwa: mlaze flati au kichwa chini kidogo, mpe maji ya salaini, funga mrija unaotoa maji, na MANITOLI ISITUMIKE. Kisha arudishiwe mfupa haraka.

Kwa kawaida mfupa hurudishwa kati ya wiki 6 na miezi 6, kidonda kikiwa safi. Kwa watoto mfupa wao wenyewe huweza kuliwa na mwili baada ya kurudishwa, kwa hiyo picha zirudiwe kwa miaka kadhaa. Na kwa aliye chini ya miaka 3, ufa wa fuvu uliochana dura unaweza kutanuka badala ya kufunga. Uvimbe unaodunda juu ya ufa miezi baadaye usikandwe wala kutobolewa. Ni wa kupasuliwa.

#16 Mazoezi_Tiba

Nilikuwa nasubiri zamu yangu. Tunaitwa wiki ya 3, kifundo kimeshakauka. Tuiteni siku ya kwanza.

Geuza kila saa 2. Kifundo cha mguu kikae nyuzi 90 kwa ubao wenye pamba nyuma ya mguu. Ubao wa kuegemeza nyayo peke yake huchochea msuli unaosukuma wayo chini kwa wenye kukakamaa. Bega lililopooza lisivutwe kwa mkono mnapomwinua, maana linachomoka. Kiganja kiwekwe kwenye banzi lililo wazi, si kushikishwa mpira laini siku nzima.

Kukakamaa huja kati ya wiki ya 2 na ya 6. Ukiona kumezidi ghafla, tafuta kinachouma: kidonda cha mgongo, choo kigumu, mkojo wenye wadudu, ukucha. Baklofeni (dawa ya kulegeza misuli) huanza mg 2.5 mara 2 au 3 kwa siku na kupanda polepole. Kuikatisha ghafla huleta degedege. Kiwiko au nyonga ikiwa ya moto, imevimba na haifiki ilipokuwa inafika, huenda mfupa unaota ndani ya msuli. Hapo acha kulazimisha, piga picha.

Kumeza kupimwe kabla ya chochote kwenda mdomoni: amekaa wima, ameamka, kijiko cha mililita 5 za maji. Akikohoa, sauti ikiwa na majimaji, au pumzi ikibadilika, rudi kwenye mpira. Uji mzito ni salama kuliko chai. Jicho lisilofunga lipakwe marhamu na libandikwe usiku, la sivyo kioo chake kitachanika.

#17 Elimu_Maalumu

Kwa upande wa shule. Mtoto anatembea, anaongea, kidonda kimepona, wote wanasema amepona. Darasani haelewi maelekezo matatu kwa mpigo, amechoka saa 4 asubuhi, anasahau alichosoma jana, anajibu walimu ovyo. Anachapwa. Hiyo ni sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Aliyeumia akiwa na miaka 5 anaweza kuonekana sawa hadi darasa la 5 au la 6, pale masomo yanapodai kupanga na kufikiri mwenyewe.

Masikio na macho yapimwe kabla ya kurudi. Ufa wa mfupa wa sikio huacha uziwi wa upande mmoja, na kengeza jipya humfanya aone maandishi mawili mawili. Aanze nusu siku. Akae mbele. Maelekezo mafupi, moja moja, yaandikwe. Mitihani iombewe muda wa ziada mapema, kwa barua ya hospitali.

#18 Wodi_ya_Watoto

Na urefu upimwe kila miezi 3 hadi 6 kwa mwaka wa kwanza angalau. Tezi ya chini ya ubongo ikiumia, mtoto huacha kukua, au huanza balehe mapema mno, au binti anakatikiwa hedhi. Uchovu usioisha nao upimwe homoni kabla ya kuitwa uvivu.

#19 Mlezi_Mbeya

Nashukuru sana wataalamu wote. Swali la mwisho, tunaporuhusiwa tudai karatasi gani? Maana tunapewa kadi yenye mstari mmoja.

#20 Fuvu_na_Ubongo

Daini barua iandikwe haya: tarehe na aina ya upasuaji, upande uliopasuliwa na kama mfupa upo, na kama haupo umehifadhiwa wapi, kipimo cha Glasgow siku ya kutoka, kwa vipande, mboni zote mbili, upande dhaifu, sodiamu ya mwisho na tarehe yake, kama alipata degedege, siku ya ngapi, dawa ipi, miligramu ngapi, inaisha lini, kama ana shanti, aina na upande, tarehe ya kutoa nyuzi, uzito wa mtoto. CT mpewe kwenye CD au filamu, msikubali maelezo matupu.

Kurudi hospitali siku hiyohiyo: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi asioamshika kwa urahisi, degedege lolote, maji puani au sikioni, homa, kidonda kuvuja, shimo la mfupa kuvimba au kuzama ghafla, udhaifu mpya. Aliyepata degedege asiogelee peke yake, asipande mti, asipike kwenye moto wa wazi, asiendeshe bodaboda hadi kliniki iseme. Mpira wa miguu usubiri mfupa urudi na ushike.

#21 NesiWaZamu

Naongeza kwenye hiyo barua: namba ya simu ya wodi, iandikwe kwa mkono juu kabisa, na jina la kliniki na siku inayofanyika. Wengi hupotea kwa sababu walifika siku isiyo ya kliniki.